Upinde wa mpera: nilivunja mbili, huu ni wa tatu

Wacha nianze na lile swali kila mtu huniuliza: kwani miti iliisha? Mpera si ni wa matunda, ni kuni, ni mpini wa jembe, ni ile panda ya manati ulikatiwa na kaka yako ukiwa darasa la tatu. Sasa jibu liko hapo hapo kwa manati. Mtoto yeyote amekulia Western Kenya anajua panda ya mpera haivunjiki ovyo, unavuta mpaka blada inakatika lakini panda iko tu. Mbao yake ni nzito, nyuzi zimeshikana, na ukiipinda inarudi. Mti ukiwa na hizo tabia tatu mi naupa nafasi ya kuwa upinde, ata kama hakuna mzee kwetu alishawahi kuutumia.

Wenye wanajua pinde watakutajia mkole, na ni kweli, sehemu kavu za nchi mkole ndo hutengeneza pinde na mishale. Waingereza nao walikua na mti wao unaitwa yew, ile meli ya vita Mary Rose ilizama 1545, wapiga mbizi walipokuja kuifikia walitoa pinde zaidi ya 130, nyingi bado ni nzima. Sawa, lakini ukiwa Malava yew utaitoa wapi? Mpera nao uko nyuma ya kila choo, ndege wanaupanda bure.

Nimejaribu mara tatu. Ya kwanza ilivunjika, ya pili ikavunjika vibaya zaidi, huu wa tatu niko nao mwaka wa pili sai. Kwa hivyo nikisema usifanye kitu flani ujue nilikifanya.

Mti wenyewe

Hapa ndo kazi yote iko, na hapa ndo watu huharakisha. Mpera wa kawaida una kona kama barabara ya kupanda Nandi Hills. Unatafuta kipande cha sentimita 180 kimenyooka, unene wa kama sentimita 8 mpaka 10, yani kama mkebe mdogo wa Kimbo. Ukitafuta kwa mipera imesimama peke yake kwa jua utazunguka siku nzima, hio hutawanya matawi kutoka chini kwa sababu haina haja ya kupanda juu. Nenda penye giza. Mpera umeota katikati ya migomba, ama chini ya mikaratusi, ama kando ya mto penye kuna vichaka, huo umekua ukikimbizana na mwanga kwa hivyo umenyooka na matawi yako huko juu. Kwingine pazuri ni kwa kisiki cha zamani. Mpera ukikatwa unachipua kwa fujo, na yale machipukizi huenda juu moja kwa moja kama fimbo, baada ya miaka kadhaa unapata moja ama mbili zimenenepa vizuri.

Ukipata, simama mbali kidogo uangalie, alafu zunguka uangalie kutoka upande mwingine, maana mti unaeza nyooka ukiutazama kutoka mlangoni na kumbe kwa upande wa jikoni umepinda. Kupinda kidogo si shida, tutanyoosha kwa moto. Shida ni kujisokota. Gome la mpera ni laini, hujimenya kwa vipande vyembamba kama la mkaratusi (hawa ni ukoo mmoja, pamoja na mzambarau na mkarafuu, ukiangalia maua yao na zile nyuzi nyuzi nyeupe utaona undugu), kwa hivyo unaeza pitisha kiganja usikie misuli ya mti chini yake. Pitisha kutoka chini kwenda juu. Misuli ikienda juu wima, sawa. Ikizunguka mti kama kamba imesokotwa, wachana nao, ata uwe umenyooka aje, ukipasua utapata kitu kama propela.

Mafundo sasa. Chagua upande mmoja wenye utakua mgongo wa upinde, yani ule upande unaangalia mbali na wewe ukivuta. Huo upande usiwe na fundo kubwa kuliko punje ya haragwe. Upande wa tumbo, wenye unakuangalia, unaeza vumilia fundo la ukubwa wa kidole. Sababu ni rahisi, ukivuta upinde mgongo unanyooshwa na tumbo linabanwa, na mbao ikinyooshwa huanza kukatikia penye nyuzi zimekatwa.

Wangu nilipata kwa senje, yani shangazi yangu, Malava. Nilikua nimeenda mazishi jirani, nikaenda kumsalimia, nikauona nyuma ya migomba.

"Senje, huu mpera unautumia?"

"Huo hauzai, baba, unanilia mbolea tu. Unataka kuni?"

"Nataka kutengeneza upinde."

Akaniangalia kwa muda. "Kata. Ila ule wa kwa njia usiguse, huo ni wa watoto wakitoka shule."

Na ukikosa kabisa kwenu usiingie Kakamega Forest na panga, huo ni msitu wa serikali na hauhitaji kesi kwa sababu ya kijiti. Omba majirani, mpera hakuna mtu hukunyima.

Kukata na kupasua

Kata na msumeno. Panga hutetemesha mti na kuacha nyufa ndogo kwa ncha zenye hutaziona mpaka miezi miwili baadaye. Kata kama sentimita 190, hizo 10 za juu ni za kutupa.

Kabla hujabeba, chukua kile kipande kilibaki cha mti huo huo, kipasue kama kuni. Angalia ufa umeenda aje. Ukiwa umeenda sawa, mti wako ni mzuri. Ukiwa umezunguka, umejua mapema, na senje amepata kuni.

Alafu paka ncha zote mbili. Saa hio hio, sio kesho. Maji hutoka kwa ncha haraka sana kuliko kwa ubavu, ncha inakauka inasinyaa na katikati bado ni mbichi, matokeo ni ufa wa futi moja. Gundi nyeupe ya mbao ni sawa, rangi ya mafuta ilibaki wakati mlipaka geti ni sawa. Paka ncha na uingie kama sentimita 5 kwa ubavu, mara mbili.

Gome litoe likiwa bado bichi. Ukikata wakati wa mvua linatoka kwa mkono kama ganda la ndizi. Ukikata Januari utalikwangua na mgongo wa kisu, pole pole, bila kuchuna mbao. Hapo chini ya gome unapata uso mweupe laini kabisa, unateleza. Huo uso ndo mgongo wa upinde wako, umeshaisha, Mungu amekumalizia. Usiupige randa, usiupige tupa, usijaribu kuurekebisha. Wale wanatengeneza pinde kwa miti ya nchi za baridi hufuata pete za mwaka, wanachonga mpaka wanafikia pete moja safi, lakini mpera wa kwetu hauna majira ya baridi ya kusimama, pete hazionekani vizuri, kwa hivyo njia ya uhakika ya kupata nyuzi hazijakatwa ni kuacha ngozi ya mti venye iko. Upake gundi pia huo mgongo, ama vanishi, juu ukiwa uchi unapasuka haraka.

Upande mwingine wote unaondoa. Tumia kabari za mbao na nyundo ama shoka dogo, punguza mpaka upite kiini. Kile kiini cha katikati lazima kitoke, mti ukikauka na kiini ndani hauna njia ya kusinyaa isipokua kupasuka. Baki na kipande cha upana wa sentimita 6, unene sentimita 3 na kidogo. Usiende chini ya hapo kwanza.

Kuubeba mpaka Nakuru, makanga aliniitisha pesa ya mzigo mara mbili, akisema ni mbao. Nikamwambia ni fimbo. Akasema fimbo ya nani, ya Goliathi? Nikalipa.

Kukausha

Hii ni miezi miwili mpaka mitatu kwa kipande kishapunguzwa hivo. Ukiuacha gogo zima hesabu mwaka, na bado utapasuka.

Mpera ukikauka unapenda kujisokota, kwa hivyo ufunge kwa kitu kimenyooka. Mi nilitumia kipande cha mbao ya paa, tatu kwa mbili, nikaufunga na blada za baiskeli kila baada ya shubiri moja. Blada ni nzuri kuliko kamba, mbao ikisinyaa blada inaendelea kubana, kamba inalegea.

Wiki mbili za kwanza weka kivulini penye upepo unapita kidogo, chini ya kitanda ni sawa. Baadaye ndo unapeleka juu ya dari chini ya mabati. Kisumu na hewa yake ya ziwa itachukua muda zaidi, Nakuru ni haraka lakini pia ndo hupasua kwa sababu hio haraka. Na usiuweke juu ya jiko la kuni eti ndo ukauke, hio ya juu ya jiko ilikua ya wazee na walikua wanaweka kitu kishakauka nusu, kukilinda na wadudu.

Utajuaje umekauka? Mizani. Kila Jumapili nilikua naupeleka kwa butchery ya hapa mtaani, jamaa alishazoea, naandika na penseli kwa mbao yenyewe. Ulianza kilo 3.1. Ukashuka haraka mwezi wa kwanza, alafu pole pole, ukafika 2.2 ukakaa hapo. Ukikaa wiki tatu bila kubadilika, uko tayari. Ukianza kuuvuta ukiwa bado na maji hautavunjika, utapinda tu na kubaki umepinda, na hio haitoki.

Kama kuna kona, hapa ndo unanyoosha. Jiko la makaa, makaa yameiva hayana moshi, paka mahali pa kona mafuta ya kupikia ili pasiungue, shikilia juu kama shubiri moja kutoka kwa makaa ukigeuza, mpaka usiweze kushika na mkono. Alafu unabana kwa goti ama kwa vaisi, unapita kidogo ile alama unataka, unashikilia mpaka upoe kabisa. Usiharakishe kupoza na maji.

Kuchora na kupunguza

Hapa lazima niongelee ile ya kwanza. Ilikua imekauka vizuri, imenyooka, kitu safi. Nikapeleka kwa fundi mmoja wa fanicha anisaidie kupunguza tumbo na mashine. Nikaenda kununua chai. Kurudi nakuta amepitisha pande zote mbili, mgongo na tumbo, imekaa kama rula, na anafurahi kweli, "nimekutolea zile mawimbi mawimbi." Sikumwambia kitu, kosa ni langu, nani anaacha kazi yake anaenda chai. Nikajipa moyo nikaendelea nayo. Ilivunjika nikiivuta, mizani ikisoma kilo 12, mgongo uliinuka kibanzi kirefu pale mashine ilikata nyuzi, alafu tau!

Kwa hivyo mkono tu: panga kali ama shoka dogo kwa kuanzia, alafu tupa ya mbao, alafu kisu ama kipande cha kioo cha dirisha kwa kukwangua. Randa ndogo ni sawa kwa mbavu.

Vipimo vya mtu mzima wa kawaida anavuta sentimita kama 66:

Urefu 170. Tafuta katikati, chora mstari. Sentimita 5 kila upande wa mstari ni kishikio, kiache kinene, 3 na kidogo, upana 3. Sentimita 5 zingine kila upande ni pa kushuka pole pole kutoka kwa kishikio mpaka kwa mikono ya upinde (zile pande mbili zenye hupinda), hapo pasiwe na ngazi, pateremke kama mlima mpole. Kuanzia hapo mkono una upana wa 4.5, unaendelea hivo mpaka nusu ya mkono, alafu unapungua mpaka 1.2 kwa ncha. Unene anza na 1.6 karibu na kishikio, 1.3 karibu na ncha.

Ukichora usifuate rula kama mti hautaki. Mti ukienda kidogo kushoto, chora uende nao kushoto. Weka uzi umepakwa chaki kutoka ncha mpaka ncha, hakikisha tu unapita katikati ya kishikio, hayo mengine wachia mti.

Na kitu kimoja cha kuweka kichwani kabla ya kugusa tumbo: upana ukiongeza mara mbili upinde unakua mgumu mara mbili, lakini unene ukiongeza mara mbili unakua mgumu mara nane. Maana yake ni kwamba ukipunguza unene kidogo tu, ata wa karatasi chache, unasikika. Ndo maana mwishoni tunakwangua na kioo na sio tupa.

Kwa ncha, tengeneza mikato ya kushikia kamba na tupa nyembamba ya duara, kwa mbavu tu, imelala kuelekea tumboni. Mgongo usikate.

Kamba

Wazee walitumia mishipa ya ng'ombe, ukipata mtu anajua kuisokota usikose. Mi natumia uzi wa fundi wa viatu, ule wa poliesta umepakwa nta. Nailoni achana nayo kwa upinde, inavutika, upinde unakaa kama umelewa.

Kamba inafaa kubeba angalau mara nne ya uzito wa upinde, yani zile kilo mizani inasoma ukiuvuta mpaka mwisho, sio uzito wa mbao. Kujua uzi wako unabeba ngapi: funga uzi mmoja kwa ndoo, ningʼiniza, mwaga maji lita moja moja. Lita ni kilo. Wangu ulikatika kati ya 8 na 9, tuseme 8. Upinde wa kilo 16 unataka kamba ya 64, kwa hivyo nyuzi 8 zingetosha, mi niliweka 12 na silali nikiwaza. Gawa mafungu mawili ya sita sita, sokota kila fungu upande mmoja na uyazungushe pamoja upande wa pili, kama venye dada zetu husuka zile nywele za kamba. Kitanzi upande mmoja, upande wa pili fundo lenye unaeza kufungua, juu utabadilisha urefu mara nyingi.

Kusawazisha

Hii ndo roho ya kazi na ndo iliua upinde wa pili. Lengo ni mikono yote miwili ipinde sawa, na kila mkono upinde mwote, sio penye moja.

Anza chini. Simamisha ncha moja sakafuni kwa mkeka, shika kishikio, sukuma kidogo na mkono wa pili, angalia unapinda wapi. Haupindi? Kwangua tumbo lote sawa, jaribu tena. Ukianza kupinda kama sentimita 10 hivi, hamia ukutani.

Ukutani unapigilia ubao wima, juu yake mkato wa kukalia kishikio, chini kabisa roda ndogo. Weka kamba ndefu imelegea, ifunge na kamba ya manila ipite kwa roda mpaka ulipo wewe, hatua tatu nyuma. Hizo hatua tatu zina faida mbili, unaona upinde wote kwa mara moja, na ukivunjika haukuvunjikii usoni. Chora mistari ya chaki ukutani kila sentimita 5 kushuka chini. Alafu katikati ya ile kamba weka mizani ya kuningʼiniza, ile ya kupimia mizigo.

Sasa sheria ya kuandika kwa mlango: usivute kamwe kupita pale unaona kasoro, na usivute kamwe kupita uzito ule unataka mwishoni. Ukitaka upinde wa kilo 16, mizani ikisoma 16 simama, ata kama umevuta sentimita 20 pekee. Shusha, kwangua, rudi. Huu wa pili mi niliona mkono wa kushoto una kiwiko, yani unapinda penye moja katikati, nikajiambia wacha nivute kidogo nione kama utajipanga. Mbao haijipangi. Penye ni dhaifu panazidi kuwa dhaifu. Nilivuta hizo sentimita tano za ziada, ukakatikia kwa kile kiwiko, kipande kikaruka kikagonga taa. Bibi yangu alitoka jikoni akaangalia taa, akaangalia mimi, akarudi jikoni. Hakusema kitu mpaka Jumatano.

Kwa hivyo kanuni: penye pamekaa wima hapapindi, kwangua hapo. Penye panapinda sana, usiguse, wacha kabisa, kwangua majirani zake wa pande zote mpaka walingane nae. Unaondoa kutoka kwa tumbo peke yake.

Macho hudanganya, haswa usiku. Kuna njia mbili za kuyasaidia. Moja ni simu, piga picha upinde ukiwa umevutwa, alafu igeuze chini juu uangalie, kasoro inaruka. Ya pili ni kijibao cha sentimita 15, kimenyooka uso mmoja, toboa tundu katikati upitishe penseli. Upinde ukiwa umevutwa kidogo na umefungwa hapo, weka kijibao kwa tumbo la mkono, uipeleke penye panapinda sana, rekebisha penseli ikaribie kugusa lakini isiguse. Sasa telezesha kijibao kutoka kishikio mpaka karibu na ncha. Penye mbao ni ngumu haijapinda vya kutosha, penseli itagusa na kuchora. Kwangua ile michoro, na hio tu. Hicho kijibao ningekua nacho mapema upinde wa pili ungekua hai.

Kila ukikwangua, vuta mara 30 nusu nusu kabla ya kupima tena. Mbao huchelewa kusikia, ukikwangua na kupima hapo hapo utafikiri haujatoa kitu, utatoa tena, alafu jioni unakuta umezidisha. Mi hufanya kwangua, vuta thelathini, chai, pima.

Penye kuna fundo kwa tumbo wacha nyama ya ziada pande zake, paonekane kama kijiti kimemeza kitu. Si urembo lakini kunashika.

Mikono ikilingana kwa kamba ndefu, fupisha kamba ufunge upinde kabisa. Mara ya kwanza umbali kati ya kamba na kishikio uwe sentimita 8 tu. Angalia kamba inapita katikati ya kishikio. Ikienda upande mmoja, kwangua ubavu wa upande wa pili, ule mgumu, pole pole. Baadaye panda mpaka 15, yani ngumi na kidole gumba kimesimama. Endelea kuvuta sentimita 5 kwa 5, kwangua, mpaka 66. Wangu umefika kilo 16 kwa 66, na ukifunguliwa unabaki umepinda kama sentimita 3 kuelekea tumboni. Hio ni kawaida, ukibaki umepinda 7 ama 8 basi ulikua mbichi ama ulichonga mwembamba sana.

Ukitengenezea mtoto, kilo 8 inatosha, na urefu upunguze kulingana na mkono wake.

Kumalizia

Msasa tumbo na mbavu, mgongo pitisha ule laini kabisa tu kuondoa gundi. Zungusha kona zote ziwe mviringo, kona kali ndo huanza kupasuka. Mafuta ya linsidi mara tatu, siku moja kati ya kila mara, alafu nta. Kishikio mi nilifunga na kamba ya katani, wengine hufunga ngozi.

Mpera ukipakwa mafuta unatoa rangi ya kahawia ya chai ya rangi, na kama kuna sehemu ya ndani imeingia inaonekana mistari myekundu kidogo. Hapo ndo watu wanaacha kuuliza kwani miti iliisha.

Kulenga

Shabaha nzuri kuliko zote ni mgomba ushatoa ndizi. Mshale unaingia bila kelele, unasimama, unatoka bila kuharibika. Nyuma yake kuwe na ukuta wa udongo ama kilima, sio njia, sio boma la watu. Mishale ya kuanzia tengeneza kwa matete ya kando ya ziwa, Dunga yamejaa, chagua yenye unene sawa na yamenyooka, manyoya ya bata matatu, na ncha ya kijiti kigumu imeingizwa mbele ili mshale uwe mzito mbele.

Usivute ukaachilia bila mshale. Ile nguvu yote ingeenda kwa mshale inarudi kwa mikono ya upinde, na unaeza ukasikia tau kama langu. Ukimaliza, fungua kamba, usiuache umefungwa usiku. Uweke umelala kwa misumari miwili, usiuegemeze kwa kona ya nyumba.

Wanyama wachana nao, uwindaji Kenya ulipigwa marufuku 1977 na ile sheria ya wanyamapori ya 2013 haina huruma, ata kwa digidigi. Na Nakuru haswa, watu wanakumbuka ghasia za baada ya uchaguzi za 2008 na pinde zilikua za nini, kwa hivyo usitembee nao mjini umefungwa kamba na mishale mkononi eti unaenda mazoezi. Wangu husafiri umefunguliwa, ndani ya gunia, mishale iko kwa begi ingine. Polisi alinisimamisha mara moja hapo Timboroa akauliza ni nini, nikamwambia ni upinde wa mpera. Akautoa, akaupima kwa mkono, akapinda kidogo kwa goti.

"Mpera? Huu wa mapera?"

Tukaongea kama dakika kumi, gari nzima ikitungoja.

Kile kisiki cha senje kimechipua nane. Mwezi uliopita nilienda nikakata tano nikaacha tatu zimesimama wima, na nikamwomba asifunge mbuzi hapo.